Msimfanye Samaki Shahidi wa Uongo

"Kinachoua samaki kitaua na mtu." Maneno hayo niliyasikia Koboko, uani kwa dada yangu, yakitoka vinywani mwa watu wazima watatu, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyempinga mwenzake. Samaki mwenyewe alikuwa mbele yetu, ndani ya bakuli la kioo juu ya kigoda: beta wa buluu iliyokoza, mwenye mapezi marefu yanayopepea kama kanga kwenye kamba. Mchana ule mapezi yalikuwa yamenywea na buluu imefifia ikawa kijivu. Alining'inia chini kidogo ya uso wa maji, mashavu yakifunguka na kufunga upesi upesi. Nyuma yetu bomba la uani lilikuwa limefungwa kwa waya ili mtoto yeyote asilifungue. Watoto wenyewe walishatumwa chemchemini na majerikeni.

Ni hayo majerikeni yaliyonifanya niandike. Samaki yule nilimlea mwenyewe Arua miaka miwili kabla sijampa mpwa wangu, nampenda, na ningehuzunika kumzika. Lakini nyumba nzima ilikuwa imeacha maji yaliyotiwa dawa na kurudi kunywa maji ambayo mbuzi huyakoroga kila asubuhi, na hoja yote ya kufanya hivyo ilikuwa kiumbe mwenye uzito wa gramu chache aliyewekwa mahali ambapo maumbile yake hayamruhusu kukaa. Tangu siku ile nimeisikia hoja hiyohiyo Arua, sokoni na kwenye teksi, hata kwa watu waliosoma. Wanaisema kama jambo lililokwisha thibitishwa. Mimi nasema ni kosa, na ni kosa linaloweza kuua watoto.

Kwanza nieleze kilichotokea, maana lawama ni yetu wenyewe. Mpwa wangu, mwenye miaka tisa, aliliosha bakuli vizuri, akamwaga maji yote ya zamani, akalijaza moja kwa moja kutoka bombani. Alidhani anamfanyia samaki wema, maji mapya na meupe. Mimi ndiye niliyempa samaki bila kumwambia neno moja ambalo ningepaswa kumwambia kabla ya yote. Arua nina ndoo yangu ya maji yaliyolala, yaani yaliyoachwa wazi kwanza ili klorini itoke, nimeizoea kiasi cha kusahau kwamba mwingine haijui. Saa sita mchana dada akanipigia: "Kaka, samaki wako anakata roho." Nikamwambia atume mtoto duka la dawa akanunue tembe ya vitamini C ya miligramu 100, avunje robo yake, aisage, aikoroge kwenye ndoo ya lita kumi za maji yaleyale ya bomba, kisha alijaze bakuli upya kwa maji hayo na kumrudisha samaki humo. Halafu nikapanda teksi. Nilipofika, samaki alikuwa hai na bomba limeshahukumiwa.

Mzee jirani ndiye aliyekuwa na sauti nzito kuliko wote pale, na namheshimu, kwa hiyo nilianza naye. Alizaliwa upande wa Kongo, karibu na Aru, na utotoni alivua kwenye vijito vya kiangazi. Nikamuuliza, "Mzee wangu, mlivuaje?" Akasema kwa nyavu, kwa mitego, na nyakati nyingine kwa utupa. Mmea huo unajulikana Afrika Mashariki nzima hadi ndani ya Kongo: majani yake hupondwa, hutiwa kwenye dimbwi, na baada ya muda samaki huelea juu, tumbo limegeukia mbinguni. Sheria ya uvuvi imepiga marufuku jambo hilo, na ni vizuri, kwa sababu hufuta hata vifaranga. Nikamuuliza tena, "Na samaki waliokufa kwa utupa mliwafanyaje?" Akanitazama kidogo kabla ya kujibu. "Tulikula."

Basi hapo ndipo methali ya uani inapovunjika, tena kwa ushahidi wa mtu aliyeisema. Sumu ya utupa, rotenoni, hupita kwa urahisi kwenye mashavu ya samaki, ikaingia katika damu na kuzima uwezo wa seli kutumia oksijeni. Tumbo la mtu huifyonza kwa shida, na kiasi kinachobaki ndani ya minofu iliyopikwa ni kidogo. Vizazi kwa vizazi babu zetu wamewaua samaki kwa kitu, wakawala samaki haohao, wakaamka asubuhi. Walijua kwa vitendo kwamba njia inayopitwa na kitu kuingia mwilini ndiyo inayoamua kama kitu hicho ni sumu, na kwa kiasi gani. Sisi wajukuu tumepata mabomba tukayasahau hayo.

Tuje kwenye klorini yenyewe, ile dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba. Samaki hanywi maji kama tunavyokunywa. Anaishi akiyapitisha, mchana na usiku, kwenye mashavu yake, au matamvua kama vitabu vya shule vinavyoyaita. Humo ndani damu na maji vimetenganishwa na utando mwembamba wa sehemu chache tu za elfu za milimita. Wembamba huo ni wa lazima, la sivyo oksijeni isingepita. Klorini kazi yake ni kushambulia kitu chochote chenye uhai inachokigusa, na ndiyo maana inaua bakteria. Ikikutana na utando ule inauchoma. Shavu huvimba, hutoa ute mwingi, na samaki huanza kukosa hewa akiwa ndani ya maji yaliyojaa hewa. Kila alichokuwa nacho beta wa mpwa wangu, kuanzia kutweta, mapezi kunywea, hadi rangi kufifia, kilitoka hapo.

Mtu akinywa bilauri ya maji hayo, klorini inakutana na mate, na mabaki ya chakula, kisha tumbo lenye asidi na utando mnene wa ute. Inakwisha nguvu humo, ikageuka kloridi, kitu kilekile kilichomo katika chumvi ya mezani. Damu haioni klorini. Tena niseme jambo ambalo wengi hawalijui: mwili wa mtu unaitengeneza dawa hii wenyewe. Chembe nyeupe za damu zinapomeza bakteria, humuua kwa asidi ya haipoklorasi, na hiyo ndiyo asidi inayofanya kazi ndani ya maji ya bomba. Anayesema klorini ni kitu kigeni kilicholetwa kutudhuru, ana kiwanda chake ndani ya mishipa.

Kwa anayetaka tarakimu, zipo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaweka kikomo cha miligramu 5 za klorini kwa lita ya maji ya kunywa, na unataka angalau 0.2 ziwepo mpaka maji yanapomfikia mtumiaji. Bomba linalotunzwa vizuri huwa kati ya 0.2 na 0.5. Mamlaka ya mazingira ya Marekani ilipoweka kipimo cha kuwalinda viumbe wa maji baridi mwaka 1984, ilisema mito na maziwa yasizidi miligramu 0.019 kwa wastani wa saa moja. Linganisha: kikomo cha mtu kinazidi cha samaki zaidi ya mara 260. Hata bomba lenye klorini kidogo kabisa inayokubalika lina zaidi ya mara kumi ya kile ambacho samaki wa mtoni anapaswa kukutana nacho. Kwa hiyo samaki kuugua ndani ya maji ya bomba si ajabu hata kidogo. Ndivyo hesabu inavyotaka.

Mfano ulio karibu zaidi na mwili wetu uko hospitalini. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine, kama wanavyosafishwa Kiruddu kule Kampala, hukutana na maji yapatayo lita 120 katika kikao kimoja cha saa nne. Maji hayo hayapiti tumboni. Yanapita upande wa pili wa utando mwembamba, damu ikiwa upande huu. Kabla hayajafika kwenye mashine ni lazima klorini yote iondolewe kwa mkaa maalumu, kwa sababu isipoondolewa chembe nyekundu za damu hupasuka, na wagonjwa wameshawahi kudhurika hivyo katika nchi kadhaa. Lakini mgonjwa huyohuyo akipata kiu, anakunywa bilauri ya maji kutoka bomba lilelile, na hakuna daktari anayemzuia kwa sababu ya klorini. Mtu mmoja, maji mamoja. Kwenye utando yanaua, tumboni yanakata kiu. Beta ni mgonjwa aliyefungwa kwenye mashine hiyo saa ishirini na nne, tangu kuzaliwa hadi kufa.

Sasa tuigeuze methali, tuone kama upande wa pili inasimama: je, kinachomstarehesha samaki kinamfaa mtu? Nendeni Rhino Camp, mto Nile unapopita polepole kwenye matete. Angara wanaogelea humo, ngege wananenepa humo, na ndani ya maji hayohayo vinaelea viluwiluwi vya kichocho visivyomgusa samaki hata kidogo, lakini mtoto akiingia kuoga vinampenya ngozini. Bakteria wa kipindupindu huishi majini wakijishikiza kwenye vidudu vidogo mno, na samaki hula vidudu hivyo na kubeba bakteria tumboni bila kuugua. Wa homa ya matumbo hawamtafuti samaki, wanamtafuta mtu. Chemchemi ile ya Koboko ambako watoto wa dada walipelekwa ingempokea beta wetu kwa furaha, angepepea mapezi yake yote humo. Na ndiyo chemchemi iliyo chini ya mteremko wenye vyoo vya shimo visivyohesabika.

Najua jibu linalofuata, maana nilipewa palepale: wazee wetu walikunywa chemchemi na wakaishi. Walioishi waliishi. Waliokufa wakiwa na miezi minane kwa kuhara hawapo hapa kutoa ushahidi, na majina yao mara nyingi hayakuandikwa popote. Tena chemchemi ya wakati ule ilikuwa na nyumba chache kuizunguka. Koboko ilipopata wilaya yake mwaka 2005 ilikuwa mji mdogo wa mpakani. Leo malori ya Sudan Kusini na Kongo yanalala hapo, nyumba za kupanga zimebanana, na kila nyumba imechimba choo. Arua imekuwa jiji tangu Julai 2020. Chini ya ardhi maji hayajui mpaka wa kiwanja cha mtu.

Wala si lazima twende mbali kuona kinachotokea watu wengi wakikutana na maji machache machafu. Kitgum, kaskazini kwetu hapahapa, homa ya ini aina ya E ililipuka mwishoni mwa 2007 kwenye makambi ya waliokimbia vita. Mpaka inatulia miaka miwili baadaye, zaidi ya watu 10,000 walikuwa wameugua na wapatao 160 wamekufa. Ugonjwa huo huwaandama wajawazito kuliko wengine wote. Ulienea kwa vyoo vichache, maji yaliyochafuliwa, na beseni moja la kunawia watu wengi. Mwaka 2012 ukaingia kwenye kambi za wakimbizi za Maban, Sudan Kusini. Huko wataalamu walifuatilia maji yaliyotiwa klorini toka bombani mpaka ndani ya hema, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kwenye jarida la Shirika la Afya Duniani ulionyesha kwamba dozi ya kawaida ilikuwa haitoshi. Katika joto lile, ndani ya vyombo vya nyumbani, klorini iliisha kabla familia haijamaliza kuyanywa maji. Pendekezo lao lilikuwa kuongeza, mpaka miligramu 1 kwa lita pale bombani. Sisi tunalia kwamba imezidi, na mahali watu walipougua kwa maelfu shida ilikuwa kwamba inaisha mapema.

Dawa hii si mgeni wa juzi. Mji wa Maidstone, Uingereza, uliitumia mwaka 1897 kusafisha mabomba yake wakati wa mlipuko wa homa ya matumbo. Jersey City, Marekani, ilianza kuitia kila siku mwaka 1908. Tangu hapo mamilioni kwa mamilioni ya watu wameinywa maisha yao yote, katika miji ambayo maduka yake yamejaa samaki wa mapambo, na kila mfugaji katika miji hiyo anajua kwamba maji ya samaki hutayarishwa kwanza. Hakuna anayefunga bomba lake kwa waya.

Kuna miji ya Marekani inayowatumia samaki kama walinzi: huwekwa kwenye matangi, mwendo wa mashavu yao hupimwa kwa vyombo, na wakibadilika ghafla mafundi hujua kuna sumu imeingia. Mtu aweza kusema hapo nimejifunga mwenyewe. Lakini sharti la kwanza la kazi hiyo ni kwamba samaki wapewe maji ambayo hayajatiwa klorini, au ambayo imeondolewa. Wanaowategemea samaki kama mashahidi ndio wanaojua zaidi kwamba mbele ya klorini samaki hawezi kutoa ushahidi wowote kuhusu mtu.

Kwa hiyo beta wa mpwa wangu alishuhudia nini? Kitu kimoja tu, na ni habari njema: kwamba klorini ilifika mpaka mwisho wa bomba ikiwa bado na nguvu. Klorini hujimaliza kwenye uchafu. Kila inapokutana na tope, ute wa ndani ya bomba au vijidudu, inapungua. Kwa miaka mingi West Nile haikuwa kwenye gridi ya taifa na umeme ulikuja kwa saa chache. Pampu ikisimama, msukumo ndani ya mabomba hushuka, na bomba lenye ufa linaweza kuvuta ndani maji ya mtaroni. Kinachotulinda wakati huo ni ile klorini iliyobaki ndani ya maji. Maji yakifika kwangu yakiwa nayo, najua askari hajaanguka njiani. Siku nitakayojaza tangi kutoka bombani na samaki asishtuke hata kidogo, hapo ndipo nitakapokwenda kuuliza maswali.

Mgala muue na haki yake mpe. Wanaolalamika wana mambo manne ya kweli, na sitayaficha. Klorini ikikutana na majani yaliyooza na udongo wa mtoni hutengeneza kemikali nyingine ambazo kwa wingi na kwa miaka mingi hazifai, na ndiyo sababu maji yanapaswa kuchujwa vizuri kabla ya kutiwa dawa. Shirika la Afya Duniani limeliona hilo, na bado linasisitiza kwamba kuua vijidudu kusilegezwe kwa ajili ya hofu hiyo. Pili, mafundi wakimaliza kutengeneza bomba lililopasuka hutia dozi kubwa kusafisha, na mtu hapaswi kuyanywa maji hayo, ni lazima yamwagwe kwanza. Tatu, klorini haiui kila kitu: kriptosporidiamu, kijidudu cha kuharisha, humudu dozi ya kawaida. La nne ndilo linaloniuma. Hakuna aliyekuja kuwaeleza watu. Bomba linafika uani, bili inafuata, lakini maelezo ya kile kinachonuka ndani ya maji hayafiki, wala kwa Kikakwa, wala kwa Kilugbara, wala kwa Kiswahili. Mtu asiyeelezwa atajieleza mwenyewe kwa kile alichokiona, na dada yangu alikuwa ameona samaki.

Na kujieleza hivyo kuna bei. Kaskazini mwa Msumbiji, mkoani Nampula, watu walikuwa wanawaona maofisa wa afya pale tu kipindupindu kinapofika, wakiwa wamebeba klorini. Kwa Kireno maneno yenyewe yanakaribiana, cloro na cólera. Ikasemwa kwamba wale wanaotia dawa visimani ndio wanaoleta ugonjwa. Mwaka 2009 wafanyakazi wa kujitolea walishambuliwa na wengine wakauawa, watu waliokuwa wamekwenda kuwaokoa majirani zao. Mwanzo wa jambo hilo ulikuwa kosa dogo la kufikiri, ndugu wa lile la uani kwetu: kitu fulani kilifika, baya likatokea, basi kitu hicho ndicho baya.

Kuna hoja nyingine, ndogo, niliyoisikia kwa vijana wanaofuga samaki Arua, nayo nitaipitia haraka. Wanasema beta hupumua hewa ya juu, kwa hiyo maji yoyote yanamtosha. Ni kweli ana kiungo kichwani kinachotumia hewa, na jamaa zake wa mbali wenye kiungo hicho wanapatikana hata ndani ya maji ya Nile. Kambare na kamongo nao hupanda kuvuta hewa. Lakini beta bado hutoa amonia ya mwilini mwake kupitia mashavu, na kwa mashavu hayohayo husawazisha chumvi ya damu. Kupanda juu kuvuta hewa kunamrefushia muda tu wa kuokolewa. Kwao Thailand, ambako mwaka 2019 walimfanya samaki wa taifa, anaishi kwenye mashamba ya mpunga na mabwawa ya kina kifupi yaliyojaa majani, maji ya uvuguvugu, bila tone la klorini.

Basi alivyopona. Vitamini C ilimaliza klorini kwa dakika chache, kwa kuwa kila miligramu moja ya klorini huhitaji kama mbili na nusu za vitamini, na robo ya tembe ilikuwa na za kutosha na kubaki. Wauza samaki Kampala wana dawa yao, sodiamu thiosulfeti, ambayo wapiga picha wa zamani waliijua kwa jina la haipo na kuitumia kukaza picha gizani. Wapima maji nao huitia kwenye chupa za sampuli ili klorini isiendelee kuua bakteria kabla hawajahesabiwa. Koboko siku ile hatukuwa nayo, na duka la dawa lilitosha. Tulifunika bakuli kwa kitambaa ili apate giza na utulivu, hatukumpa chakula siku hiyo, na usiku tulilisogeza kwenye ukuta wa jikoni ambako joto hubaki. Mama jirani alileta kapsuli ya tetrasaiklini, kwa moyo mwema. Nilimshukuru na kumrudishia. Jeraha la kuunguzwa halitibiwi kwa dawa ya bakteria, na kapsuli zinazotapanywa ovyo ni balaa jingine linalohitaji makala yake.

Hatari ya pili ilikuja siku ya tatu, kimya kimya. Bakteria wema wanaokaa kwenye changarawe na kuila amonia ya samaki walikuwa wamekufa pamoja na kila kitu bakuli lilipooshwa na kujazwa. Mfugaji asiyejua hilo huona samaki amechangamka, akamlisha sana, na wiki haiishi kabla hajamkuta amelala ubavu. Tukawa tunabadilisha robo ya maji kila siku, kwa maji yaliyolala. Siku ya tano alifungua mapezi. Siku ya saba alikimbilia kidole cha mpwa wangu kwenye kioo akitaka kupigana nacho, na mtoto akanipigia simu kunipa habari hiyo, huku akipiga kelele nisisikie neno hata moja.

Kabla sijarudi Arua tuliweka vyombo viwili kando ya bomba. Cha kwanza jerikeni safi lenye kifuniko, la watu: linajazwa, linafungwa, linakaa kivulini, ili klorini isitoroke. Cha pili ndoo pana isiyofunikwa, ya samaki: inajazwa, inaachwa juani siku nzima, ili klorini itoroke. (Kuna miji ambako huchanganywa na amonia ikawa kloramini, na hiyo haiondoki kwa kulala. Huko ni lazima dawa. Lakini miji yetu midogo kwa kawaida hutumia unga wa klorini peke yake.) Mpwa wangu alichora samaki kwenye ndoo kwa makaa. Vyombo hivyo viwili, kwa maoni yangu, vinasema yote niliyoandika hapa, na vilimwelewesha mtoto wa miaka tisa kwa dakika moja.

Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi ya maji kwenye makazi ya wakimbizi ya Lobule alipita jioni na kile kisanduku chake cha kupimia. Ukitia tembe ndogo kwenye maji yenye klorini, yanageuka ya waridi, kisha unalinganisha na rangi za pembeni. Maji ya bomba la dada yalikuwa waridi ya karibu 0.5. Ya jerikeni la chemchemini, lililoletwa asubuhi, yalibaki meupe kabisa. Mzee alivishika vyombo viwili vya maji hayo, kimoja kila mkono, akaviinua kwenye mwanga kwa muda mrefu.

Waya aliufungua dada mwenyewe. Mama jirani hajashawishika. Alisema harufu haimpendezi, na kwamba ataendelea kwenda chemchemini, ila kuanzia sasa atachemsha. Nilimwambia achemshe mpaka yatokote kabisa, na ayafunike yakipoa. Akaniuliza kuni nitamnunulia mimi? Sikuwa na jibu. Nilimwonyesha jerikeni lenye kifuniko, nikamwomba aonje maji yake kesho yake asubuhi, yakiwa yametulia na harufu imepungua, kabla hajawatuma watoto mteremkoni.

Dada anasema alikuja, akaonja, akaondoka bila kusema neno. Jioni yake alirudi na kikombe.